Maeneo Makongwe katika Michezo ya Dhima ya Mtandaoni: Historia ya Njia za Kuyahuisha na Funzo Lake kwa Mtaa wa Buyenzi, Bujumbura

Ikisiri

Makala haya yanafuatilia historia ya tatizo linaloukabili kila mchezo wa dhima wa mtandaoni unaodumu: ardhi mpya inapoongezwa, ardhi ya zamani hubaki bila watu. Kwa kutumia mifano ya Ultima Online, EverQuest, World of Warcraft, RuneScape, Guild Wars 2 na Final Fantasy XIV, makala yanabainisha njia tatu ambazo watengenezaji wamezijaribu tangu mwishoni mwa karne ya 20: kubomoa na kujenga upya, kurudisha hali ya kale kama ilivyokuwa, na kulipatia eneo kongwe kazi inayowaleta watu wa kila ngazi. Hoja kuu ni kwamba eneo haliuawi na umri wake, bali huuawa na kukosa sababu ya watu kukutana ndani yake. Hoja hiyo inapimwa kwa historia ya mtaa wa Buyenzi, Bujumbura, kisha inaelekezwa kwenye suala linalowahusu zaidi wanalugha: mahali pa Kiswahili cha Buyenzi wakati Kiswahili cha shuleni kinapopanuka nchini Burundi.

1.0 Utangulizi

Jioni moja mpwa wangu, mwanafunzi wa sekondari, aliniita chumbani kwake. "Mjomba, njoo nikutembeze mjini," alisema. Mji wenyewe ulikuwa Shattrath, ndani ya mchezo wa World of Warcraft. Tulipita kwenye viwanja vipana, tukaona benki, nyumba ya wageni na walinzi waliosimama kila kona. Wauza bidhaa walikuwa mahali pao, lakini wote walikuwa viumbe wa kompyuta. Mchezaji wa kweli hatukumwona hata mmoja. Nilipomuuliza wenye mji wamekwenda wapi, alijibu: "Wamehamia mbele, mjomba. Hapa siku hizi hupita wanaokumbuka tu."

Wakati huohuo, nje ya dirisha, fundi alikuwa akigonga bati la gari, na watu wawili walikuwa wakibishana kwa Kiswahili juu ya bei ya kipuri. Tulikuwa Buyenzi, mtaa mkongwe kuliko sehemu kubwa ya Bujumbura, na ambao hadi leo haujanyamaza. Shattrath ulifunguliwa kwa wachezaji mwaka 2007 na ulijaa watu kwa takriban miaka miwili. Buyenzi imepita umri huo mara nyingi. Swali lililozaliwa jioni ile ndilo linaloongoza makala haya: kwa nini mahali pamoja huzeeka pakahamwa, na pengine huzeeka pakaendelea kujaa?

Kabla ya kusonga mbele, inafaa kuweka bayana istilahi. Michezo ya dhima ya mtandaoni ni ile ambayo maelfu ya watu huingia katika ulimwengu mmoja kwa wakati mmoja, kila mmoja akiwa na mhusika wake anayekua kwa ngazi. Nyongeza ni sehemu mpya ya ulimwengu huo inayotolewa baada ya mchezo kuanza, mara nyingi ikiwa na ardhi mpya, ngazi za juu zaidi na vifaa bora zaidi. Eneo kongwe ni ardhi iliyokuwapo kabla ya nyongeza hiyo. Nimechagua neno kongwe makusudi. Kiswahili hutofautisha kikongwe na kichakavu: kilichochakaa kimepungukiwa na nguvu, ilhali kikongwe kimeongezewa umri na huenda heshima pia. Si bure kwamba Zanzibar ina Mji Mkongwe, ulioingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2000, wala hatujasikia mtu akiuita Mji Mchakavu. Historia inayofuata, kwa kiasi kikubwa, ni historia ya watengenezaji waliochelewa kuitambua tofauti hiyo.

2.0 Jinsi Eneo Linavyohamwa

Chimbuko la michezo hii ni programu ya maandishi matupu iliyoanzishwa mwaka 1978 katika Chuo Kikuu cha Essex, Uingereza, na Roy Trubshaw, kisha ikaendelezwa na Richard Bartle. Ulimwengu wake ulikuwa mdogo. Kila aliyeingia alipita njia zilezile na kuwakuta wenzake, hivyo tatizo la eneo lililohamwa halikuwa na nafasi kubwa ya kujitokeza. Tatizo lilikuja pamoja na biashara. Mchezo unaolipiwa kila mwezi unahitaji kumpa mteja jambo jipya mara kwa mara, na jambo jipya lililo rahisi kutangaza ni ardhi mpya.

Ultima Online, uliofunguliwa Septemba 1997, unatupa mfano wa awali ulio wazi. Katika ardhi yake ya kwanza, mchezaji aliweza kumshambulia na kumwibia mwenzake karibu popote nje ya miji. Wengi walichoka. Mwaka 2000 watengenezaji waliunakili ulimwengu mzima: ardhi ya zamani ikaitwa Felucca, na nakala yake, ambamo mashambulizi ya aina hiyo yalizuiwa, ikaitwa Trammel. Milima ilikuwa ileile na mito ileile, hata hivyo umati mkubwa ulihamia Trammel. Felucca haikuwa imepoteza jengo hata moja. Ilipoteza sababu ya mtu wa kawaida kubaki.

EverQuest, uliofunguliwa Machi 1999, unaonyesha kisababishi kingine. Katika seva nyingi za mchezo huo, wachezaji walikuwa wamejichagulia soko lao wenyewe: handaki moja katika eneo la East Commonlands. Hakuna mtengenezaji aliyelipanga kuwa soko. Watu walikusanyika humo kwa sababu lilikuwa karibu na njia kuu, na kila mmoja alitangaza bidhaa yake kwa maneno, akajibiwa, akapatana bei. Desemba 2001 ilitolewa nyongeza iliyoitwa The Shadows of Luclin. Ndani yake kulikuwa na soko rasmi lililoitwa Bazaar, ambapo mhusika aliweza kuachwa akiuza bila mwenyewe kusema neno. Handaki likabaki tupu. Oktoba 2002 nyongeza nyingine, Planes of Power, ilileta kituo chenye milango ya kumfikisha mtu katika miji mingi papo kwa papo. Kuanzia hapo safari ndefu, vivuko na vijiji vya njiani vikakosa wapitaji.

Tunaweza sasa kuvitaja visababishi vitatu vya kuhamwa kwa eneo. Cha kwanza ni thawabu: yaliyo mbele hulipa zaidi. Cha pili ni soko: pale biashara inapohamia, watu huifuata. Cha tatu ni njia: barabara mpya ikilikwepa eneo, eneo hilo halionekani tena hata kwa bahati. Msomaji wa Maziwa Makuu hahitaji kufundishwa mambo haya. Miji ya kandokando ya njia za misafara, Ujiji ukiwa mmojawapo, iliyaonja yote matatu pale ambapo safari za magari ya moshi na magari ziliposhika nafasi ya misafara ya miguu.

Kilele cha mwelekeo huu kilifikiwa Januari 2007. World of Warcraft, uliofunguliwa Novemba 2004, ulitoa nyongeza yake ya kwanza, The Burning Crusade. Ngazi ya juu ilipanda kutoka 60 hadi 70. Miezi saba tu kabla ya hapo, Juni 2006, ilikuwa imefunguliwa ngome ya Naxxramas, iliyohitaji kikosi cha watu 40 na ambayo ni vikosi vichache sana vilivyoimaliza. Baada ya nyongeza, vifaa vya kawaida vilivyopatikana katika kazi za ardhi mpya vilianza kuvishinda vingi vilivyokuwa vimetafutwa kwa miezi ya jasho. Ngome ambayo wachezaji wengi hawakuwahi hata kuiona ndani ikawa haina maana kabla haijazoeleka. Watengenezaji wenyewe waliirudisha mwaka 2008, katika nyongeza iliyofuata, kwa ngazi mpya na kwa vikosi vidogo zaidi, ishara kwamba walijua kitu kilikuwa kimepotea mapema mno.

3.0 Njia ya Kwanza: Kubomoa na Kujenga Upya

Jibu la kwanza kubwa lilikuwa la mpangaji miji mwenye fedha: kama mtaa umepitwa na wakati, bomoa ujenge. Tarehe 7 Desemba 2010, World of Warcraft ulitoa nyongeza ya Cataclysm. Kisa chake kilimhusu joka aliyeipasua dunia, na mpasuko huo ulitumiwa kuzifanyia upya ardhi za mwaka 2004. Nyanda zilifurika maji, nyufa zikakata majangwa, na visa vya mamia ya kazi ndogondogo viliandikwa upya. Wahusika waliruhusiwa pia kuruka juu ya ardhi hizo.

Kama kazi ya ufundi, mradi huo ulistahili sifa: visa vilisukwa vizuri zaidi na njia zilinyooshwa. Lakini matokeo yake yana funzo chungu. Kwanza, ujenzi mpya haukugusa kisababishi. Thawabu kubwa bado zilikuwa katika ngazi za mwisho, hivyo mchezaji alipita katika ardhi zilizotengenezwa upya kwa kasi kubwa kuliko zamani, mara nyingi angani, bila kumkuta mtu. Pili, ardhi ya awali haikuwapo tena. Mtu aliyejifunza mchezo mwaka 2005 katika kijiji fulani hakuwa na pa kurudi. Eneo kongwe lilikuwa limehamwa, lakini lilikuwapo. Baada ya Cataclysm lilikuwa limefutwa, na lililochukua nafasi yake likahamwa vilevile.

4.0 Njia ya Pili: Kurudisha ya Kale

Kufutwa kwa ardhi kulizaa madai ya kurudishiwa. Kwa upande wa EverQuest, tangu mwaka 2006 kampuni ilikuwa imefungua seva ambazo zilianza na ulimwengu wa mwanzo na kufungua nyongeza moja baada ya nyingine. Wapenzi wa mchezo huo walijitengenezea pia seva yao, Project 1999, iliyokuja kupata idhini ya wenye mchezo mwaka 2015. Ndani yake, lile handaki la East Commonlands lilirudi kuwa soko. Hakuna aliyewaamuru watu waende huko. Bazaar haikuwapo, na sababu ya zamani iliporudi, watu nao walirudi.

Kwa upande wa World of Warcraft, seva isiyo rasmi iliyoitwa Nostalrius ilifunguliwa mwaka 2015 ikiwa na mchezo kama ulivyokuwa kabla ya nyongeza yoyote. Ilifungwa Aprili 2016 baada ya wenye haki miliki kuchukua hatua za kisheria, na ombi lililotungwa na wachezaji likakusanya saini zaidi ya 200,000. Novemba 2017 kampuni ya Blizzard ilitangaza kwamba itarudisha mchezo wa awali kwa njia rasmi, na Agosti 2019 World of Warcraft Classic ulifunguliwa. Foleni za kuingia zilidumu kwa saa nyingi. Kwa muda, vijiji vilivyokuwa kimya vilijaa watu waliosubiriana zamu.

Ila njia hii nayo ina mpaka wake. Juni 2021 seva nyingi za Classic zilifungua tena nyongeza ya mwaka 2007, na watu wakavuka tena kwenda ardhi mpya, wakiziacha nyuma ardhi zilezile walizozililia. Zilitengwa seva chache kwa waliotaka kubaki. Historia ilijirudia kwa sababu kilichorudishwa kilikuwa picha ya mahali, pamoja na mteremko uleule unaowatelezesha watu kutoka mahali hapo.

RuneScape, mchezo uliozaliwa mwaka 2001, ulifika mbali zaidi. Mwishoni mwa mwaka 2012 mfumo wake wa mapigano ulibadilishwa kabisa, na wachezaji wengi wakaondoka. Februari 2013 kampuni ya Jagex iliwapigisha kura wachezaji kama warudishiwe mchezo ulivyokuwa Agosti 2007, na zaidi ya watu 400,000 walishiriki. Old School RuneScape ulifunguliwa mwezi huohuo. Jambo la kuzingatia ni kwamba haukuachwa ugande. Mabadiliko makubwa yaliletwa mbele ya wachezaji, na kwa miaka mingi hakuna lililopita bila kuungwa mkono na asilimia 75 ya wapigaji kura. Kwa utaratibu huo bara jipya liliongezwa mwaka 2016. Na kwa utaratibu huo, mapema mwaka 2015, soko kuu la wote liliongezwa katika Varrock, mji mkongwe unaojulikana na kila mchezaji. Watengenezaji wa EverQuest walilipeleka soko kwenye ardhi mpya na mji wa zamani ukafa. Wachezaji wa RuneScape waliliweka soko katika mji wa zamani na mji ukajaa. Hapo tunaondoka kwenye njia ya pili na kuingia katika ya tatu.

5.0 Njia ya Tatu: Kulipatia Eneo Kazi

Felucca, ardhi tuliyoiacha imehamwa, ni mahali pazuri pa kuanzia. Watengenezaji wa Ultima Online hawakuibomoa. Waliamua kwamba mchimba madini au mkata miti atakayefanya kazi Felucca atapata mavuno mara mbili ya yule wa Trammel, na kwamba hati fulani za kuongeza ujuzi zitapatikana kwa kupigana huko tu. Hatari ilibaki, ila sasa ilikuwa na ujira. Watu walianza kurudi, wakiwamo wale waliokuwa wameikimbia.

Guild Wars 2, uliofunguliwa Agosti 2012, ulikwenda kwenye mzizi wa suala la ngazi. Mchezaji wa ngazi ya juu akiingia eneo la wanaoanza, nguvu zake hushushwa zilingane na eneo hilo, lakini thawabu anazopata zina manufaa kwake. Hawezi kuliponda eneo kama jitu linaloponda sisimizi. Zaidi ya hayo, atakaye kutengeneza baadhi ya silaha zenye hadhi ya juu kabisa hulazimika kwanza kuzunguka ardhi zote za awali. Na Septemba 2013 joka Tequatl, aliyekuwa akiuawa kwa urahisi katika eneo lake kongwe, alifanywa kuwa mgumu kiasi cha kuhitaji umati uliojipanga. Eneo lile lile likageuka kuwa mahali pa miadi.

Final Fantasy XIV unatupa mfano uliokomaa zaidi. Toleo lake la kwanza la mwaka 2010 lilishindwa, likafungwa Novemba 2012, na mchezo ukajengwa upya na kufunguliwa tena Agosti 2013. Katika mchezo huo mpya, hapo mwanzo aliyeanza alilazimika kupita mapango kadhaa ya awali pamoja na wenzake ili kisa kisonge mbele. Je, wenzake watatoka wapi miaka kumi baadaye? Watengenezaji waliweka bahati nasibu ya kila siku: mchezaji mzoefu anayekubali kupelekwa katika pango lolote, hata la zamani kabisa, hulipwa vizuri, nguvu zake zikishushwa zilingane na mahali. Kikosini akiwamo anayeliona pango hilo kwa mara ya kwanza, wote huongezewa malipo. Tuzingatie hesabu hiyo: ugeni wa mgeni, ambao kwingine ni mzigo, umefanywa kuwa faida ya mwenyeji.

Katika mchezo huohuo upo mji wa bandari wa Limsa Lominsa, mmoja wa miji mitatu ya mwanzo. Nyongeza zimeleta miji mingine mizuri, lakini Limsa haujapungua watu. Sababu inayotajwa na wachezaji ni ya kawaida kabisa: mahali pa kufikia wasafiri, ubao wa soko na kengele ya kuwaita watunza mali viko karibu karibu. Watu huja kwa shughuli, wakakuta watu, wakabaki kwa maongezi.

Kutokana na mifano hii tunaweza kutoa kanuni tatu. Eneo kongwe huishi pale ambapo lina kazi isiyofanyika vizuri zaidi kwingine. Pale ambapo mwenye ngazi ya juu hulingana na mahali badala ya kulidharau. Na pale ambapo mzoefu ana sababu ya kumhitaji mgeni. Hakuna hata moja kati ya hizo inayohusu uzuri wa majengo.

6.0 Buyenzi kama Kipimo

Bujumbura ilianza kukua kama kituo cha kijeshi cha Wajerumani, Usumbura, mwishoni mwa karne ya 19. Waswahili, wengi wao Waislamu wenye mahusiano na Ujiji na miji mingine ya ziwani, walikuwa miongoni mwa wakazi wake wa mapema. Baada ya Wabelgiji kuutwaa mji mwaka 1916, makazi yaligawanywa kwa asili ya watu. Buyenzi ikawa mtaa wa Waswahili, na jirani yake, Bwiza, ukajulikana kwa jina la Belge kwa sababu ya watu waliotoka Kongo ya Wabelgiji. Katika miaka ya 1950 yalijengwa makazi mapya, ikiwamo Ngagara, ambayo wengi bado huiita OCAF kwa jina la shirika lililoijenga. Baada ya uhuru wa mwaka 1962 mji uliendelea kutanuka kusini na kaskazini. Kila upanuzi ulikuwa na barabara pana kuliko avenyu za Buyenzi zinazoitwa kwa namba, na nyumba kubwa kuliko nyumba zake zilizobanana.

Kwa mantiki ya thawabu pekee, Buyenzi ingepaswa kuwa Shattrath. Aliyepata kazi nzuri alijenga Kinindo au kwingineko. Hata hivyo, gari lake linapoharibika, humrudisha Buyenzi, kwa kuwa mafundi na vipuri vimerundikana huko kiasi kwamba kisichopatikana kwa fundi mmoja hupatikana mlango wa pili. Fundi humfundisha kijana kazi mbele ya macho ya mteja. Huu ni utaratibu wa Felucca: usumbufu upo, ila mavuno ni mara mbili. Tena, mwenye gari la thamani akifika pale, ngazi yake hushuka. Hasubiriwi kwa sababu ya cheo, na asipojua lugha ya mahali, bei humwelea polepole.

Soko nalo lina ushahidi wake. Tarehe 27 Januari 2013 soko kuu la Bujumbura liliteketea kwa moto. Wafanyabiashara waliopoteza mali zao walitawanyika katika masoko mengine ya mji, na Ruvumera, lililoko Buyenzi, lilikuwa miongoni mwa yaliyowapokea. Msiba ule haufai kusifiwa, kwani familia nyingi zilifilisika siku moja. Tunachokiona ni kwamba kituo rasmi kilipoondoka, mtaa mkongwe ulikuwa bado na mazoea, mikopo ya kuaminiana na lugha ya kupatania bei. Handaki lilikuwa halijafungwa.

Ulinganisho huu una mipaka, na ni wajibu kuitaja. Katika mchezo mtu huhama kwa kubonyeza kitufe, wala hapotezi mtu. Bujumbura ya miaka ya 1990 ilishuhudia mitaa ikihamwa kwa hofu na damu, Buyenzi na Bwiza ikiwamo. Mahali pa kweli hapahamwi kwa kukosa thawabu tu. Kinachovuka kutoka upande mmoja hadi mwingine ni kanuni ya kurudi: waliorejea Buyenzi walirejea penye kazi, jirani na sauti inayowaita kwa majina.

Sauti hiyo ndiyo inayotuhusu sisi wanalugha. Tangu Burundi ilipojiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, nafasi ya Kiswahili imepanuka, na lugha hii hufundishwa shuleni katika maeneo ambayo zamani ilisikika kwa nadra. Hili ni jambo la kushukuriwa. Lakini tukilitazama kwa macho ya historia tuliyoipitia, Kiswahili cha shuleni ni ardhi mpya, na Kiswahili cha Buyenzi ni eneo kongwe. Thawabu, yaani alama, vyeti na ajira, ziko katika ardhi mpya. Mtoto wa Buyenzi huingia darasani akijua lugha hii tangu kwa bibi yake, kisha huambiwa kwamba anachokijua ni makosa.

Njia tatu ziko mbele yetu. Tunaweza kubomoa: kukisahihisha Kiswahili cha mtaani mpaka kifanane na cha vitabuni. Cataclysm imetuonyesha kwamba ukisha kufuta huna pa kurudi. Tunaweza kugandisha: kukirekodi, kukiandikia kamusi na kukihifadhi. Kazi hiyo ni ya lazima na mimi mwenyewe nimeishiriki, lakini seva ya kumbukumbu bila wakazi ni Shattrath nyingine, mji wa wanaokumbuka. Au tunaweza kukipatia kazi. Kwa mfano, mwanafunzi wa ualimu wa Kiswahili angeweza kutakiwa akae majuma kadhaa Ruvumera au katika karakana, akusanye msamiati wa biashara na ufundi, na atahiniwe na wenye msamiati huo. Kitabu cha shule ya ufundi kingeanzia kwenye majina ambayo mafundi wa Buyenzi tayari wamevipa vipuri, yakiwamo yale yaliyotoka Kifaransa na kuvikwa viambishi vya Kiswahili, kabla ya kuagiza istilahi kutoka mbali.

Hayo yatawezekana iwapo sisi wenye shahada tutakubali kushushwa ngazi tunapoingia mtaani. Nilijaribu jambo hili kwa fundi aliyekuwa akigonga bati jioni ile. Nilimuuliza jina la kifaa alichokishika. Alinitajia, nikalirudia vibaya, akacheka na kunisahihisha mara mbili. Kisha akamwita kijana wake aache kazi asikilize, kwa kuwa, alisema, leo mwalimu anafundishwa. Nilijiona mgeni katika lugha yangu mwenyewe, na ugeni wangu ukawa somo kwa kijana yule.

7.0 Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba historia ya michezo ya dhima ya mtandaoni, kuanzia handaki la East Commonlands hadi bandari ya Limsa Lominsa, ni historia ya kujifunza jambo moja kwa gharama kubwa: majengo hayabakishi watu, na kumbukumbu peke yake huwaleta kwa muda tu. Kinachobakisha watu ni kazi, usawa wa ngazi mahali pa kazi, na mzoefu anayemhitaji mgeni. Buyenzi imekuwa ikiishi kwa kanuni hizo bila mtengenezaji wa kuipangia.

Mapendekezo ni mawili. Kwa watafiti wa Kiswahili, ulimwengu wa michezo hii usipuuzwe kama uwanja wa utafiti wa historia ya mahali, kwa kuwa hutuonyesha ndani ya miaka michache mambo ambayo katika miji yetu huchukua vizazi. Kwa wapangaji wa lugha katika ukanda huu, kila mtaala mpya wa Kiswahili ujiulize unamrudisha mwanafunzi Buyenzi kwa kazi gani. Usipokuwa na jibu, siku moja wajukuu wa mafundi wale watatutembeza katika lugha yao wenyewe, yenye walinzi kila kona na bila mwenyeji hata mmoja.